Bawa Hunyooshwa Mezani

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na ninyi vijana mliokaa mstari wa mbele huku macho yenu yote yako kwenye maboksi: nawasalimu kwa heshima, na ahsanteni kwa kuja.

Najua hamu yenu ni kufungua. Nami nimeyafungua maboksi ya namna hii kwa zaidi ya miaka 20, na hadi leo nikiinua kifuniko, ile harufu ya mbao mpya ikanifikia, moyo hunienda mbio. Lakini nimeomba nizungumze kabla hamjashika visu, kwa kuwa ninalotaka kulisema, nikilisema baada ya gundi kukauka, halitamsaidia mtu.

Ndani ya kila boksi mna glaida ya mita 2. Ni ndege isiyo na injini, mabawa yake yana urefu wa mita 2 kutoka ncha hadi ncha, na utaiongoza ukiwa umesimama chini na rimoti mkononi. Kwa sasa imo katika vipande: mbavu za bawa zilizokatwa kwa leza, fito za mihimili, mbao nyembamba za kufunikia, waya za chuma, na mchoro mkubwa uliokunjwakunjwa. Ikikamilika itakuwa na uzito wa kilo 1 hivi. Ukiirusha katika hewa tulivu, kwa kila mita 1 inayoshuka itakwenda mbele mita 10 na zaidi. Hakuna kinachoisukuma ila uzito wake yenyewe. Inaanguka, lakini inaanguka kwa adabu. Ndege yenye injini ikijengwa imepinda, injini huikokota ikaenda hivyo hivyo. Glaida haina wa kuisitiri. Kila upindo na kila gramu ya bure hulipiwa kwa kimo, na kimo ndiyo mali pekee iliyonayo.

Ndiyo maana leo nitakaa sana kwenye jambo moja, unyoofu wa bawa, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Glaida yangu ya kwanza niliijenga juu ya mlango wa kabati kuukuu niliouona umenyooka. Nilifanya kazi usiku baada ya usiku kwa miezi miwili. Nilifuata maelekezo neno kwa neno, nikaivalisha plastiki nyekundu na njano, nikailaza kitandani nikawa naiangalia tu. Siku ya kuirusha ilitoka mkononi vizuri, ila ikawa inavutia kulia. Nikabonyeza kitufe cha kusahihisha, nikausogeza usukani wa mkia kidogo kushoto, ikatulia. Nikaona mambo yamekaa sawa. Nikaipandisha kwa kamba ya mpira, ikafika juu, ikazunguka mara tatu, nzuri kabisa. Niliporudi kutua nikaipunguza kasi, na hapo bawa la kushoto likadondoka ghafla kana kwamba limekatwa uzi. Ndege ikajizungusha, ikapiga ardhi kwa pua kabla sijawaza la kufanya.

Nililaumu redio ya rimoti. Nikabadilisha betri, nikabadilisha sevo, zile mota ndogo zinazosogeza usukani, nikaijenga pua upya, nikairusha tena. Ikafanya yale yale, mahali pale pale pa kupunguza kasi.

Alikuwapo mzee mmoja aliyezoea kuketi pembeni akitazama. Akaniomba bawa. Hakuuliza habari za redio hata kidogo. Alichukua fito mbili nyembamba zilizonyooka, akalilaza bawa juu yake, fito moja karibu na shina, pale bawa linapoungana na mwili, na nyingine karibu na ncha, kila moja ikiligusa bawa ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma. Akainama, akafumba jicho moja, akatazama fito moja juu ya nyingine. Kisha akanipisha nitazame mwenyewe. Fito hazikuwa sambamba. Kwenye ncha ya kushoto ukingo wa nyuma ulikuwa umeshuka milimita 7.

Milimita 7 ni nini? Upana wa bawa lile, kutoka mbele kwenda nyuma, ulikuwa milimita 200. Kwa upana huo, kila milimita 3 na nusu ni digrii 1. Kwa hiyo ncha yangu ya kushoto ilikuwa inaukabili upepo kwa digrii 2 zaidi ya ilivyopaswa. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa wengi hupotea. Ndege ikienda kwa kasi ya kawaida, bawa lililoinama hivyo hunyanyua zaidi ya mwenzake. Kushoto kunainuka, ndege inavutia kulia. Ndicho nilichokiona mwanzo, nikakiziba kwa usukani. Lakini kasi ikipungua, mabawa yote mawili hulazimika kuukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi ili yabebe uzito ule ule. Kila bawa lina mpaka wake. Ukiuvuka, hewa hubanduka juu ya mgongo wa bawa, na unyanyuzi hupotea. Ncha yangu ya kushoto ilikuwa tayari iko mbele kwa digrii 2. Ikafika mpakani kwanza. Bawa lililokuwa linanyanyua sana ndilo lililoanguka, na ule usukani niliousogeza kushoto ukazidi kuisukuma ndege huko huko.

Mnaona ubaya wake? Kosa lile lilivutia kulia kwa kasi na kuangusha kushoto kwa taratibu. Hakuna kitufe kwenye rimoti kinachoweza kuliponya, kwa sababu dawa ya hali moja ni sumu ya hali nyingine. Lilizaliwa kwenye mlango wa kabati uliojisokota kidogo tu, likagandishwa na gundi, likafunikwa na plastiki nzuri, likangoja.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mjenzi ni ubao wa kujengea. Unapaswa kuwa laini kiasi cha kupokea pini, mgumu kiasi cha kutopinda, mrefu kuliko nusu ya bawa, na ulale pale pale mpaka kazi iishe. Weka rula ya chuma juu yake, kisha weka taa nyuma ya rula. Mwanga ukipita chini ya rula, ubao una bonde. Pima kwa urefu, pima kwa upana, kisha pima kutoka pembe hadi pembe, maana msokoto hujificha kwenye ulalo huo wa tatu. Ukikuta bonde, tia karatasi chini ya ubao, pandisha pembe, pima tena. Kazi hii inaweza kukuchukua jioni nzima. Ipe jioni hiyo. Hakuna jioni nyingine katika kazi hii yote itakayokulipa kama hiyo.

Juu ya ubao tandika mchoro, na juu ya mchoro tandika plastiki nyepesi inayoonyesha, ili gundi isiunganishe bawa na karatasi. Mara nyingi mchoro huonyesha nusu moja tu ya bawa. Wapo waliojenga nusu ya kulia mara mbili, na wengi wao ni watu makini kweli kweli. Ukikosa mchoro wa upande wa pili, geuza karatasi, pakaa mafuta ya kupikia kidogo mgongoni, na mistari itajitokeza kama kwenye kioo. Hiyo ni njia ya zamani, na bado sijaona iliyo bora.

Sasa niseme kidogo juu ya mti wenyewe. Mbao nyingi mtakazozikuta humo ni balsa, na sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ekwado. Wataalamu wa mimea huiweka katika kundi la miti migumu, ingawa kucha yako itaacha alama juu yake bila jitihada. Mti huu hukua upesi mno, na wepesi wake haulingani kutoka mti hadi mti. Balsa nyepesi ina kilo 100 kwa mita ya ujazo, au hata pungufu. Nzito huvuka kilo 200. Maji yana kilo 1,000. Chukua mbao mbili za kufunikia, kila moja unene milimita 1 na nusu, upana milimita 100, urefu mita 1. Kwa macho ni mapacha. Ukizipima, moja ina gramu 15, ya pili ina gramu 30. Ukiipeleka ile ya gramu 30 bawa la kulia na ile ya gramu 15 bawa la kushoto, umeshaharibu mizani kabla ya kukata chochote.

Basi mkifungua, msianze kubandika. Tandazeni vipande vyote. Pimeni mbao moja moja kwa mizani ndogo, andikeni uzito kwa penseli, kisha zipangeni jozi jozi, ya kulia na ya kushoto zilingane. Chukueni fito za mihimili, kila moja ishike mwisho mmoja, iinamisheni kidogo kwa kidole. Zile ngumu kuliko zote ziende kwenye mihimili ya juu na ya chini. Laini ziende kwenye mkia. Mimi huzigonga mezani na kuzisikiliza. Ufito mgumu hutoa mlio mkali. Laini hutoa mlio wa kufa. Mkono wenu utajifunza haraka kuliko mnavyodhani.

Kijana mmoja aliniuliza juzi, mbona tunajisumbua na mti siku hizi ambapo povu la plastiki linapatikana likiwa limeshaundwa? Sina neno baya juu ya povu. Lakini nampa kila mtu habari ya Maynard Hill, mjenzi wa Marekani. Mwezi Agosti 2003 ndege yake ndogo ya mfano iliruka kutoka Kanada, ikavuka bahari ya Atlantiki, ikatua Ayalandi, kilomita 3,000 na ushei kwa muda wa karibu saa 39. Ile ilikuwa na injini na kifaa cha kuongoza njia, na uzito wake pamoja na mafuta haukuzidi kilo 5. Mwili wake ulikuwa balsa na plastiki ya kuvalisha, kama hizi zilizo mbele yenu. Na Hill mwenyewe, wakati huo mzee, alikuwa na uoni hafifu sana. Alijenga kwa vidole kuliko kwa macho. Nikiikumbuka habari hiyo huwa nazitazama hizi mbao kwa heshima.

Turudi kwenye bawa. Kazi ya kubeba imo ndani ya mihimili miwili, wa juu na wa chini, inayokimbia sambamba kutoka shina hadi ncha. Ndege ikivutwa juu kwa kamba ya mpira, mabawa hubeba mara kadhaa ya uzito wake, nayo hutaka kujikunja kwenda juu. Mhimili wa chini unavutwa, wa juu unagandamizwa. Fito mbili peke yake haziwezi kitu, zitateleza kila mmoja kivyake. Kinachozifanya ziwe boriti moja ni vile vipande vidogo vinavyobandikwa kati yake, baina ya ubavu na ubavu. Tazameni mwelekeo wa nyuzi za mti kwenye vipande hivyo: lazima usimame wima, kutoka mhimili wa chini kwenda wa juu. Ukivilaza, vitapasuka kwa mkupuo mmoja. Wengi huviona vidogo, wakavikata ovyo, vikawa vifupi kwa nusu milimita, wakajaza gundi. Kikate kila kimoja kwa nafasi yake, kiingie kwa kusukumwa kidogo na kidole gumba. Karibu na shina, ambako mzigo ni mkubwa, usiruke hata kimoja.

Gundi nitasema mara moja. Supaglu nyepesi hupenya kwenye kiungo kilichobana, lakini haijazi pengo. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, nayo balsa ikinywa maji upande mmoja hujikunja, basi itumie kidogo. Epoksi weka pale panapobeba mzigo mkubwa, kama kwenye kiungo cha mabawa mawili. Gundi ni uzito. Tone lililomwagika nje ya kiungo halishiki kitu, linaruka nawe bure. Na tafadhali, fungueni madirisha. Moshi wa supaglu unawasha macho na kifua.

Mkishabandika mbavu na mihimili, mtafunika sehemu ya mbele ya bawa kwa zile mbao nyembamba, juu na chini, kuanzia ukingo wa mbele hadi kwenye mhimili. Hapo bawa linakuwa na sanduku lililofungwa, na sanduku lililofungwa halikubali kusokotwa. Hii ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake. Kabla ya kufunga, bawa lako ni laini, ukilishika ncha na shina linajisokota kama kitambaa. Baada ya kufunga, umbo lililokuwamo wakati gundi inakauka ndilo utakalokwenda nalo angani. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na mimi huikumbuka methali hii kila ninapoishika mbao ya mwisho ya kufunika. Kabla haijashuka, hakikisha pini zote bado zimekamata ubao. Pitisha fito mbili za yule mzee. Fumba jicho. Kisha funika, na usilitoe bawa kwenye pini mpaka kesho yake. Najua utataka kulitoa. Utataka kulishika, kulipeperusha chumbani, kuwaonyesha watu. Liache lilale.

Kuna upindo mmoja tu tunaoutaka, na huo unawekwa kwa makusudi. Kwenye ncha zote mbili, ukingo wa nyuma huinuliwa kidogo, kama digrii 2, kwa kutia kipande chembamba cha mti chini yake wakati wa kujenga. Kwa namna hiyo ncha hufika mpakani mwisho, na ndege ikipunguza kasi kupita kiasi huinamisha pua kwa upole, haiangushi bawa. Muhimu ni kwamba kushoto na kulia ziinuke sawasawa. Pimeni mara tatu.

Mtaona pia kwamba mabawa haya hayakai kama rula. Yamekunjwa kwenda juu kuelekea ncha. Glaida hii inaongozwa na vitu viwili tu, usukani wa mkia na eleveta, yaani kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, na ule mkunjo ndio unaoiwezesha kugeuka. Usukani ukielekea kulia, pua huelekea kulia, bawa la kushoto linatangulia mbele, na kwa kuwa limeinuka, linaukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi, linanyanyuka, ndege inalala upande wa kulia na kuzunguka. Mfaransa Alphonse Pénaud, akiwa na umri wa miaka 21, alirusha kindege cha mpira wa kusokota huko Paris mwaka 1871. Kiliruka kiasi cha mita 40 kwa sekunde 11, bila mtu kukishika wala kukiongoza. Kilikuwa na mabawa yaliyoinuka nchani na mkia ulioelekezwa chini kidogo kuliko bawa. Glaida zenu zinatulia hewani kwa akili ile ile.

Mwili na mkia sitakaa navyo sana, maelekezo yanatosha. Neno moja tu: mkia uwe mwepesi. Mkia uko mbali na bawa karibu mara tatu kuliko ilivyo pua. Gramu 1 ya gundi iliyozidi mkiani itadai gramu 3 hivi za madini ya risasi puani ili mizani irudi. Pigeni msasa mkia mpaka uone aibu kuendelea, halafu pigeni tena kidogo.

Redio nayo imekuwa jambo jepesi siku hizi. Mwaka 1937 ndugu pacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, waliongoza kwa redio ndege yao waliyoiita Guff, kwa mitambo ya vali, zile taa za kioo za redio za zamani, waliyoiunda wenyewe. Ndege hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Mashine za wakati ule zilidai ndege kubwa ya kuzibeba. Leo sevo moja ina uzito wa gramu 9. Fungeni sevo imara zisicheze, waya zake za kusukuma zisisuguane na kitu, antena za kipokezi zisiguse chuma wala fito za kaboni, na zielekee pande mbili tofauti kwa pembe ya digrii 90. Kabla ya kila safari, simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti kulia, na useme kwa sauti: usukani umekwenda kulia. Vuta kijiti: eleveta imepanda. Useme kwa sauti kweli, kwa sababu jicho lililochoka huona linalotaka kuona.

Plastiki ya kuvalisha inavutwa na pasi ndogo, chini ya bawa kwanza, kisha juu. Ikipashwa joto hunywea, na kunywea huko kuna nguvu ya kupinda kile ambacho hakijafungwa, hasa mkia na ncha za bawa. Kama ncha imejisokota kidogo baada ya kuvalishwa, ishike uisokote kinyume, mwenzio apitishe pasi mpaka mikunjo iondoke, kisha endelea kuishika mpaka plastiki ipoe. Hapo utasahihisha msokoto mdogo wa plastiki. Msokoto wa sanduku la mbele hautatoka, na mimi nilijaribu hadi nikaunguza plastiki.

Halafu mizani. Mchoro utaonyesha alama ya kitovu cha uzito, kwa kawaida karibu theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa la milimita 200 ni milimita 66 hivi. Weka vidole viwili chini ya alama, ndege ikae sawa, na kama mkia unashuka, ongeza vipande vya risasi puani. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley aliunda glaida ndogo, ufito wenye bawa la tiara mbele na mkia nyuma, akaweka kizito kinachosogezwa ili kupata mizani hiyo hiyo. Zimepita zaidi ya miaka 200, na sisi bado tunasogeza kizito. Kwa safari za kwanza mwelekeo uwe pua nzito kidogo. Pua nzito inaruka vibaya. Mkia mzito unaruka mara moja.

Sasa picha nataka mwondoke nayo kichwani wakati mnafanya kazi. Asubuhi, upepo mdogo, nyasi ndefu mbele yenu. Unaishika ndege chini ya bawa, unakimbia hatua chache ukiukabili upepo, unaisukuma mbele mabawa yakiwa sawa na pua imeinama kidogo tu, kama unamrushia mtu mkuki wa kuchezea. Usiirushe juu. Ikitoka mkononi, usiguse kijiti. Itazame. Ikiwa bawa lako limenyooka, utaona jambo ambalo mimi sikuliona kwenye glaida yangu ya kwanza: inakwenda tu. Haivuti kulia, haivuti kushoto, inashuka polepole mno hadi nyasi zinaipokea kwa mlio mdogo wa kusugua. Baada ya hapo ndipo kamba ya mpira, na kimo, na siku ambayo utaona mwewe anazunguka bila kupiga bawa, ukaipeleka ndege yako chini yake kwenye ile hewa ya joto inayopanda, na badala ya kushuka ikaanza kupanda nawe. Nimeshasimama chini ya ndege yangu kwa zaidi ya nusu saa hivyo, shingo ikiuma, nikiwa sina haja ya kitu kingine chochote.

Nimemaliza upande wangu. Rula za chuma na taa ziko kwenye meza ya pembeni, na kila meza ina ubao wake. Maboksi yaache kwanza. Kila wawili washike ubao mmoja, mmoja ashike taa, mwingine ainame na kutazama chini ya rula. Nitapita meza kwa meza, na nitaanzia kwako, binti uliye karibu na dirisha, maana nimeona ubao wako una bonde upande huo wa kushoto.